Nafasi Moja ya Masomo, Wodi ya Wanaume

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Metroni ametangaza wakati wa kukabidhiana zamu: hospitali itampeleka muuguzi msaidizi mmoja masomoni. Mmoja tu. Atatuangalia kazini wiki hii, Ijumaa atamtaja. Nafasi ni yangu. Nani mwingine? Sindano? Tunamwita hivyo kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyopenya kila mahali. Msichana wa juzi tu.

Nimemwambia mke wangu. Amefurahi mno, na kabla sijamzuia keshampigia simu mama yake kwamba nimechaguliwa. Mama mkwe anakuja Jumapili kunipongeza. Basi sina pa kurudi nyuma. Tangu harusi ananiita yule wa mabeseni, na inaniuma.

Tatizo ni kwamba ngazi zenyewe sizielewi. Kuna cheti, ambacho ninacho. Kuna stashahada, kuna shahada, kuna uzamili, na huko juu kabisa wako mabingwa. Nimemuuliza Sindano tofauti ni nini. Akasema kadiri unavyosoma ndivyo unavyoachiwa uamuzi mkubwa zaidi. Sisi wa cheti tukiona presha imepanda tunaripoti. Wa stashahada na shahada wanapanga mgonjwa ahudumiwe vipi. Bingwa anaitwa wengine wakikwama. Maelezo mengi! Nitajionea mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimechunguza. Wa chini: beseni, shuka, chombo cha mkojo, mbio. Wa juu: kalamu, mikono nyuma, mwendo wa polepole, maswali. Kumbe ni hivyo tu! Ili Metroni aone nafaa kwenda juu, inabidi nifanane na wa juu tangu sasa.

Nimeanza papo hapo. Kalamu mfukoni, mikono nyuma. Mzee wa kitanda cha dirishani, mgonjwa wa sukari, akaniomba chombo cha mkojo. Nikamuuliza anajisikiaje leo akilinganisha na jana. Akasema jana alipewa chombo. Nikatikisa kichwa kitaalamu, nikaenda kitanda kingine.

Shuka zimelowa. Metroni ameniagiza nitandike upya kitanda kizima. Kona hazikumridhisha, akazifumua zote, nikaanza tena. Sindano alikuwa akipita na troli. Hakucheka. Bora angecheka.

Jumatano, 5 Machi

Sielewi chochote tena. Leo amekuja Bingwa wa vidonda, yule mama ambaye hata madaktari wanamsikiliza. Ameitwa kwa ajili ya mgonjwa wa kitanda cha mlangoni, naye wa sukari. Nikajiweka karibu nijifunze mwendo wake. Akavua saa, akaomba beseni, akapiga magoti, akaanza kumwosha mgonjwa miguu!

Magoti! Na uzamili wote ule! Nikajua wamemshusha cheo. Nikamsogelea kwa heshima, nikamuuliza kama amekosana na wakubwa, nikamwahidi sitamwambia mtu. Akaendelea kuosha.

"Mwenye sukari mguu unaweza kuharibika na yeye asisikie maumivu," akasema. "Nikimwosha ndipo naona. Hebu chuchumaa hapa, uangalie."

Nikachuchumaa. Nikaangalia. Miguu. Nikamwambia nimeona.

Nyumbani nimekula bila kusikia ladha. Mtu anaanzia kwenye beseni, anasoma mpaka macho yanamuuma, halafu anarudi kwenye beseni? Sasa aliondoka kwenda wapi? Mke wangu akanishauri nimuulize Bingwa mwenyewe. Nikamwambia nimeshamuuliza, ndiyo maana sielewi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeelewa! Ni miguu. Siri yote ya kupanda cheo ni miguu. Asubuhi nimeosha miguu ya wodi nzima. Mwenye plasta nimemwosha vidole vilivyochungulia. Baba mmoja aliyekuja kumwona mwanawe akasinzia kwenye benchi naye nimemwosha. Ameamka yuko peku, akashukuru kwa mashaka. Mzee wa dirishani nimemsugua kwa sabuni, nikampaka mafuta, nikamvalisha soksi safi. Metroni alipita akaona.

Mchana Sindano akaenda kumgeuza Mzee ubavu, akamvua soksi. Kuharibu kazi ya mwenzake hivi hivi! Akakitazama kisigino, akakibonyeza taratibu, akatoka mbio kumwita Bingwa. Kulikuwa na kidonda, kimeanza kuwa cheusi pembeni, na Mzee hana habari. Bingwa akasema kimewahiwa, mguu utapona, lakini kingeachwa mpaka wiki ijayo asingeahidi kitu. Mzee akamshika Sindano mkono.

Metroni akauliza nani aliyeosha mguu huu asubuhi. Nikainua mkono upesi, Sindano asije akajisifu kwa jasho langu.

"Na kisigino ulikionaje?"

"Kisafi, Metroni."

Wote wakageuka kunitazama. Nadhani walivutiwa.

Ijumaa, 7 Machi

Sindano! Amemtaja Sindano! Nikajifungia stoo ya shuka, na sioni aibu kuandika kwamba nililia. Mawazoni nilimwona mama mkwe amekaa sebuleni kwangu akitafuta pa kuanzia.

Baadaye nikamfuata Metroni ofisini kumuuliza mimi nimekosa nini. Hakunigombeza. Alionekana mchovu. Akasema kuanzia Jumatatu atanitoa zamu ya kawaida, aniweke kwa wale wapya waliotoka chuoni, kwa mwezi mzima, tangu somo la kwanza kabisa. Nikatoka nikijiuliza maana yake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimewaza tangu asubuhi, na sasa kila kitu kiko wazi. Njia za uuguzi ni mbili tu. Asiyejua anapelekwa shule. Anayejua anabaki kuwafundisha wapya. Kumbe ndivyo!

Maskini Sindano. Miaka darasani, na mitihani juu yake! Nimempigia simu kumpa pole. Akasema asante, kaka. Mke wangu ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimemwambia awe na amani, mama yake aje kesho, na safari hii amwambie kwamba mkwewe ni mwalimu.

Metroni ametuma ujumbe jioni hii. Anasema huko kwa wapya mkufunzi atasimama kando yangu kila nitakapotandika kitanda na kila nitakapomwosha mgonjwa. Sina shida. Akitaka kuiga, aige.