Hadithi Yenu Imeniharibia Kikohozi

Kinondoni, Dar es Salaam
Juni, 1954

Bwana Mhariri,

Salamu nyingi. Naleta malalamiko juu ya hadithi mnayoitoa kila Jumamosi, ya yule Mwinjuma anayemkataza bintiye aitwaye Hija kwenda chuo cha ualimu. Mimi nilitoka Bukoba nikiwa kijana, sikurudi tena, na miaka yote hii nimeitawala nyumba yangu bila matata. Sasa tazama.

1. Mwinjuma hukohoa mlangoni ili watu wake wanyamaze. Mimi pia hukohoa, tena nilianza kabla yake. Jumapili nilipokohoa, mke wangu Kokuberwa aliita toka jikoni, "Karibu, Bwana Mwinjuma!" Nyumba nzima ikacheka. Paka hakucheka, ila hakuondoka kitini mwangu.

2. Hicho kiti hakikuwahi kukaliwa na mwingine. Tangu mlipoandika kwamba kiti cha Mwinjuma kina kunguni, changu kimetolewa uani kuanikwa, na Kokuberwa anakikalia akichambua mchele.

3. Binti yangu Demetria naye ameitwa chuo cha ualimu, huko bara. Nilimkataza. Sababu sikutoa, kwa kuwa baba akitoa sababu leo, kesho ataombwa ushahidi. Hakulia. Alisema, "Haya baba, tungoje Jumamosi tuone Mwinjuma ataamuaje." Bwana Mhariri, kesi za nyumba yangu sasa zinahukumiwa mezani pako!

4. Ofisini natawaliwa na Mwingereza aliye rika la mwanangu. Barabarani natawaliwa na askari. Nyumba hii ndiyo koloni langu pekee, nanyi mnaichochea.

Kwa hiyo naomba Jumamosi ijayo Hija atubu, ambusu baba yake mkono, abaki nyumbani. Mwandishi wenu akikataa, mleteni kwangu nimkoholee.

Wasalimie wapiga chapa wote, na mkeo pia, ikiwa bado anakuachia kiti.

Ni mimi, mtawala niliyebakiwa na kigoda,
Revelian Kaijage

Baada ya sahihi: Nimetafuta tena sababu ya kumkataza Demetria, nikapata moja tu: akiondoka, nyumba itanyamaza bila mimi kukohoa. Haitoshi. Treni yake ni Jumatatu, na nimempa sanduku langu, lile nililokuja nalo mjini. Tafadhali Hija naye aende, Demetria asijione yuko peke yake njiani. Na mkisikia mzee anakohoa stesheni, ni moshi wa treni.