Vita ya Mita Mbili, Mbalizi

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo nimeanza fildi, mafunzo ya kazini ya chuo. Kampuni inakoboa na kufungasha mchele, hapa Mbalizi. Kazi yangu ni kupunguza matumizi ya umeme. Miaka miwili nasomea biashara, kumbe biashara ni kuzima taa. Haya.

Tuko wawili. Mwenzangu ni Ruwaida wa darasa letu, mtoto wa wenye maduka mjini Mbeya. Mpole. Akiambiwa kitu anasikiliza mpaka mwisho. Watu wa namna hiyo siwaamini.

Mkurugenzi, Mzee Abdulkarim, katuita. Kasema mpunga wa Ubaruku umeanza kuingia na umeme unammaliza. Kuna mita mbili, moja ya ofisi, moja ya mashine za kukoboa. Kila mmoja achukue yake. Atakayepunguza umeme mwingi zaidi kwa wiki hizi mbili, akimaliza chuo ana ajira hapa. Mmoja tu!

Ajira! Mama kule Kilolo ameshatangaza kanisani kwamba Kasian wake amepata kazi ya kudumu. Sikumsahihisha. Sasa lazima iwe kweli, la sivyo Krismasi nitakula kwa watu.

Nikawahi kuchagua ofisi. Kule mashineni pumba zinaingia mpaka masikioni. Ruwaida akasema sawa kaka, hamna shida. Nimeshaanza kumhurumia.

Jumanne, 15 Julai

Baridi! Julai ya huku haina mchezo. Nimekagua ofisi yangu. Chini ya kila meza, hita. Juu ya kila meza, jagi la umeme kwa ajili ya chai ya saa nne. Mhasibu, Mama Benedicta, ana hita mbili, kila mguu na yake. Nikabandika tangazo: hita na majagi marufuku. Sabina, mhudumu wetu, atachemsha chai ya wote kwa mkaa, nje.

Saa nne chai bado. Saa tano bado. Mkaa ulikuwa umelowa umande. Watu wazima wakaanza kunitazama vibaya. Mama Esnath, msimamizi wetu, akaniita pembeni. Akasema mwanangu, hapa mshahara ukichelewa watu wanavumilia, lakini chai ya saa nne usiiguse. Nikamwambia mabadiliko yana maumivu. Akasema ndiyo, na yatakuwa yako.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepata wazo! Nimekaa peke yangu nikacheka.

Mama Benedicta kaja kazini na blanketi. Anapiga hesabu kajifunika mpaka kidevuni, kanuna. Nikamnong'oneza kwamba kule mashineni kuna chumba kikubwa cha kupumzikia, kina soketi kila ukuta, na Ruwaida hajakataza kitu. Macho yakamng'aa.

Mchana ofisi nzima ikahama. Hita, majagi, sukari, kompyuta, vyote. Nilisaidia kubeba. Zile hita mbili za Mama Benedicta nilizibeba mwenyewe, akaniombea heri. Ruwaida akawapokea mlangoni, karibuni, karibuni sana. Hata hakuuliza! Mita yangu itashuka, yake itapaa. Jamani, akili hii nimeitoa wapi?

Ijumaa, 18 Julai

Ofisi kimya. Mita imesinzia. Alikuja mteja mmoja kutoka Tunduma, akazunguka kwenye viti vitupu, akaniuliza kama kampuni imefilisika. Nikamwambia hapana, tunabana matumizi. Akaondoka bila kununua. Sawa tu, mteja hapunguzi umeme.

Nikaenda kuchungulia kwa adui. Saa nne kamili. Chumba kimejaa, mvuke, vicheko, chapati za Mama Benedicta zinapita mkono kwa mkono. Mafundi wa mashine nao waliposikia harufu wakaacha kazi wote kwa mpigo. Mashine zote zimezimwa! Mchele haukobolewi! Binti anajimaliza mwenyewe, mimi nanyoosha miguu tu.

Jioni, kwa kuwa ni wikiendi, nikazima swichi kuu ya ofisi nzima. Kwa nini umeme ufanye kazi mimi nikiwa kanisani?

Jumatatu, 21 Julai

Kumbe kwenye ofisi ya Mzee kuna friji.

Ndani ya friji kulikuwa na samaki wa Kyela, wakubwa, wa kuwapikia wakwe zake waliokuwa wanakuja leo. Harufu ilinipokea getini. Nikamwambia Sabina labda ni panya. Sabina akasema panya gani ana magamba.

Mzee hakufoka. Ndicho kilichonitisha. Kaniuliza taratibu kama nyumbani kwetu friji huwa inalala. Nikasema kwetu hatuna friji, shikamoo. Wakwe wamekula maharage. Lakini mita haijui habari za wakwe. Iko chini kweli kweli!

Jumatano, 23 Julai

Nimeisoma mita ya Ruwaida kwa kuibia. Imeshuka. IMESHUKA! Nikaipiga kofi, ikabaki palepale.

Nikamshauri, kama kaka, aite fundi, mita yake mbovu. Akacheka, akanieleza. Zamani kila fundi alikunywa chai kwa zamu yake, na huku mashine zinaunguruma tupu asubuhi nzima zikisubiri mtu mmoja amalize kikombe. Tangu watu wa ofisi wahamie, wote wanakunywa pamoja, na mashine zote zinazimwa kwa pamoja. Wakirudi wanakaza, mchele ni uleule. Alipoliona hilo Ijumaa akamwomba Mzee liwe utaratibu. Na hita je? Akasema chumba kina watu wengi, kinajipasha. Wanawasha moja tu, nyingine wameziweka kwenye kona.

Kisha akanishukuru kwa kumletea watu. Kwa dhati kabisa!

Mchana nikabandua tangazo langu. Nikanunua sambusa, nikaenda kuwarudisha watu wangu ofisini. Sambusa wakazila zote. Mama Benedicta akasema baba, kule ofisini hakuna stori.

Ijumaa, 25 Julai

Mita zimesomwa mbele ya wote. Ofisi imeshuka sana. Mashine zimeshuka zaidi ya hapo. Mzee akasema ofisi imeshuka kwa sababu hapakuwa na mtu anayefanya kazi, na kwa mtindo huo hata kaburi linabana matumizi. Watu wakacheka. Mama Benedicta alicheka mpaka akashika ukuta.

Ajira ni ya Ruwaida. Alisimama akasema bila kaka Kasian isingewezekana. Wakanipigia makofi. Niseme ukweli, niliumia. Nilikwenda nyuma ya magunia nikajifanya pumba zimeniingia machoni. Mama akapiga simu wakati uleule. Sikupokea.

Mama Esnath alinifuata huko nyuma. Kasema tawi la Iringa linatafuta mwanafunzi wa kazi hiihii, amenisemea vizuri, niende nimalizie fildi huko. Akaniomba kitu kimoja tu. Nikifika, nifanye kazi yangu na niache ya mwenzangu. Nimemwahidi.

Jumanne, 29 Julai

Iringa. Baridi ileile. Mlinzi kanisalimia kwa Kihehe, kamwene, nikajisikia nyumbani.

Meneja wa tawi, Bwana Silvester, ni mtu wa maneno machache. Kasema hapa niko peke yangu. Hakuna mashindano. Ana nafasi moja ya ajira, ameitafutia mtu mwaka mzima hajapata. Nifanye kazi kwa utulivu mpaka Septemba, nisiharibu kitu, nafasi ni yangu nikimaliza chuo. Nilimpigia Mama palepale, nikamwambia ni kweli. Alipiga vigelegele.

Nimekaa jioni nzima nawaza. Nafasi bila mshindani ni nafasi gani? Darasani watasema nimeokota. Ruwaida yeye alimshinda mtu, tena mtu mwenyewe mimi! Mimi nimemshinda nani huku? Hapana. Heshima lazima irudi.

Nimempigia Ambokile, yule anayeongoza darasa letu kwa alama tangu mwaka wa kwanza, ambaye bado hajapata pa kufanyia fildi. Nimemweleza kila kitu, mita, nafasi, Septemba. Nimemwambia aje tushindane kiume. Bwana Silvester nilipomwomba ruhusa aliniuliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa.

Ambokile anapanda basi la kesho alfajiri. Ameomba namba ya Bwana Silvester ili amsalimie mapema, nikampa.

Maskini! Hajui anakuja kukutana na nani.