Naomba Niandikishwe Mbuzi Siku za Mashindano ya Pisini

Bunia, Jumanne

Kwa Bwana Direkta wa Pisini Kubwa ya Mji

Bwana Direkta,

Nakuandikia kwa heshima zote na kwa kalamu ya kuazima. Mimi ni Nicolas Uyirwoth, fundi viatu, mzaliwa wa Mahagi, mkaaji wa Nyakasanza. Miguu yangu ilikataa kazi tangu utotoni, nami sikuilazimisha. Natembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Nashona viatu vya watu wanaotembea, na sijawahi kuwaonea wivu isipokuwa kwenye pisini yako ya kuogelea. Binti yangu Priscille, mwenye miaka kumi na minne, ni mwogeleaji. Alifundishwa na wajomba zake wavuvi kule Mahagi-Port, na sasa yumo katika timu ya parokia. Ameshindana kwako mara sita. Mara zote sita nilikuwapo, na sijamwona hata kisogo. Jambo hilo linaniuma sana, ndiyo maana nakuletea malalamiko yafuatayo.

1. Ngazi. Kutoka getini hadi kwenye viti vya watazamaji kuna ngazi thelathini na mbili. Hesabu hiyo ni ya mke wangu Régine. Mimi sijavuka sifuri. Nabaki chini, nyuma ya ukuta, mahali ambapo pisini inasikika vizuri.

2. Njia ya vilema. Nakupongeza kwa kuijenga. Ni ya saruji laini, ina vyuma vya kushikilia vilivyopakwa rangi ya buluu, na inapanda taratibu hadi juu. Kasoro yake ni moja tu: tangu mwezi wa tisa imefungwa kwa utepe mwekundu, ikimngoja mkubwa aje kuukata. Mkubwa wa kwanza alisafiri kwenda Kinshasa. Wa pili alikubali, ndege ikakataa. Wa tatu alifika hadi getini, akakuta fanfari ya kumpigia tarumbeta haijaja, akageuza gari. Silalamikii desturi. Kwetu kitu hakijaanza kuwapo mpaka kikatiwe utepe na kupigwa picha. Hata bomba la mtaa wetu lilisubiri miezi minne, nasi tukipita kando yake na madumu yetu kwenda mtoni, na hakuna aliyeligusa.

3. Mbuzi. Kuna mbuzi wa jirani yako, mweupe mwenye doa shingoni. Huyo hupita chini ya utepe hata siku za mashindano, hupanda hadi juu, husimama penye kivuli na kutazama. Kwa hesabu yangu amemwona binti yangu akiogelea mara sita. Nilimuuliza Bwana Trésor wa protokole, yule asiyevua tai hata jua likiwaka, kama nami naweza kuinamisha kichwa nikapita. Nanukuu jibu lake neno kwa neno ili uamue mwenyewe: "Papa Nicolas, mbuzi haina heshima. Weye iko mutu ya heshima, hauwezi pita mbele ya mukubwa." Nilimshukuru. Tangu siku hiyo naheshimiwa nyuma ya ukuta.

4. Viti vya mbele. Huko juu, Régine na mama wenzake huketi juu ya saruji iliyokaangwa na jua, kila mmoja na kipande chake cha katoni. Mbele yao kuna makochi kumi na mawili chini ya hema, yakiwa bado na nailoni zake, na kila kochi lina chupa ya maji. Waheshimiwa hawajafika, lakini wamestarehe. Chupa zenyewe hubadilishwa kila mashindano, wasiokuwapo wasije wakanywa maji ya moto.

5. Habari. Kwa kuwa sioni, jirani yangu Davy husimama ngazi ya juu kabisa na kunitangazia. Davy amekulia kwenye mpira wa redio. Mpaka sasa amempa Priscille kona mbili na kutangaza kwamba ameotea mara moja. Katika mashindano ya tano simu yake iliita wakati mtoto anageuka ukutani. Akaipokea, akashuka upande wa pili, akamwacha binti yangu katikati ya maji. Mimi huku chini nilikuwa nimekamata breki kwa mikono miwili.

6. Ombi. Bwana Direkta, nimefikiri kwa utaratibu. Utepe hauzuii mwili, maana mbuzi ana mwili. Hauzuii miguu, maana ana minne. Unazuia heshima peke yake. Basi mwenye kutaka kupita ni lazima avuliwe heshima kwa njia halali. Kwa hiyo naomba ofisi yako inipe cheti, chenye mhuri na saini, kwamba mimi Nicolas ni mbuzi kila siku ya mashindano, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Nimeambatisha picha mbili ndogo. Samahani kwa ndevu, ingawa nadhani zitasaidia. Nakubali kufungwa kamba. Nakubali kula majani ya pembeni, mradi yasiwe yale ya mlango wa choo. Sikubali kualikwa kwenye harusi, sababu unaijua. Naomba pia iandikwe kwamba Priscille anabaki mtu, asije akaondolewa kwenye timu. Régine ameridhia, anasema kwa mkaidi kama mimi tofauti haitaonekana.

Nisalimie mlinzi wa geti, Mama Angèle wa mandazi, Bwana Trésor na tai yake, na wote waliomo ofisini, wazima na waliosinzia. Pokea, Bwana Direkta, heshima zangu zote, maana ndizo ninazotaka kuvuliwa.

Nicolas Uyirwoth,
mbuzi mtarajiwa

N.B. Barua hii ilikuwa bado mfukoni mkubwa alipofika, Jumamosi. Alikata utepe, akakaa dakika saba. Nilisukumwa juu wa kwanza, nikapigwa picha, nikaona kila kitu. Priscille alikuwa wa tano kati ya sita, na alikuwa mzuri kupita nilivyosimuliwa. Ila kuna jambo sikuliandika hapo juu. Pale nyuma ya ukuta ndipo penye mlango wa kutokea waogeleaji. Mara zote sita, mtu wa kwanza ambaye Priscille alikutana naye nilikuwa mimi. Hunilazia kichwa chake chenye maji begani na kunisimulia mbio nzima, tangu kuruka hadi kugusa ukuta, kabla hajamsimulia mama yake. Jumamosi nilimwona kutoka juu akitoka mlangoni, akasimama anatetemeka, akitazama mahali pangu. Sikuweza kushuka, hotuba zilikuwa zinaendelea. Na sasa Bwana Trésor ameahidi kunipandisha kila mashindano, nitake nisitake, kwa sababu kilema akionekana chini ni aibu kwa mradi wa njia. Nakuomba, Bwana Direkta, ufunge ule utepe tena. Mtoto alijipangusa kwa mikono. Taulo lake lilikuwa mapajani mwangu.