Mahamri Yangu Yaenda Japani

Jumatatu, 1 Septemba

Nyota yangu imeng'aa! Tangazo limebandikwa kwenye ukumbi wa mtaa hapa Mtopanga. Kila Novemba kuna mji huko Japani hufanya Tamasha la Urafiki wa Kenya na Japani. Siku tatu za ngoma, bendera na vyakula. Mwaka huu wanataka mpishi mmoja kutoka kwetu, nauli juu yao. Jumamosi mgeni wao atakuja hapa ukumbini kuonja na kuchagua.

Mpishi huyo ni mimi. Kasoro moja tu, sijui kupika. Mahamri ninayouza kila asubuhi hupikwa na mke wangu Zuleikha. Mimi huyapanga kwenye sinia na kuwaamkia wateja. Lakini tangazo halikuuliza hayo. Nimejiandikisha: Faki, Mpishi Mkuu wa Mahamri. Kisha nikapita barazani, nikawaambia wote kwamba nasafiri. Sasa nisipokwenda nitauficha wapi uso huu?

Jumanne, 2 Septemba

Balaa! Lavender naye kajiandikisha. Huyu ni muuza chapati wa meza ya pili, ametoka bara miaka sita sasa, na hadi leo mahamri yangu huyaita mandazi. Mandazi! Wallahi, presha yangu ikipanda siku moja, mjue ni yeye. Amenitangazia mbele ya wateja kwamba akifika Japani atanitumia picha.

Jumatano, 3 Septemba

Nimempa Zuleikha mpango. Akande unga nyumbani kwa tui zito na iliki, auache uumuke, mimi niupeleke ukumbini nikakaange mbele ya mgeni. Akauliza yeye atapata nini. Nikamwambia atapata mume aliyefika Japani. Akacheka mpaka akakaa chini. Nimehesabu amekubali.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimefanya mazoezi ya kuinama, maana wenzetu huamkiana hivyo. Kiuno kimekaza! Zuleikha amenikanda kwa mafuta ya nazi huku akiuliza kule Japani nitakandwa na nani. Swali gumu.

Jumamosi, 6 Septemba

Sitaki kuandika. Lakini nitaandika.

Mgeni wa tamasha anaitwa Bi Hanae. Anasema Kiswahili safi, na wazee wote kawapa shikamoo. Nilianza mimi. Mahamri yakafura, yakageuka yenyewe kwenye karai, masha'Allah. Bi Hanae akala matatu, akafumba macho. Zamu ya Lavender ilipofika, kifimbo chake cha kusukumia chapati hakikuonekana. Nilikuwa nimekikalia. Mwanamke yule hakushtuka hata kidogo! Akachukua chupa ya soda akasukuma nayo, chapati zikatoka duara kamili, ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Mimi nikapiga nikiwa nimekaa. Ningefanyaje?

Hata hivyo nilishinda. Narudia, nilishinda! Bi Hanae alikuja mbele yangu, akainama, akasema wamenichagua mimi, je, niko tayari kwenda?

Sasa, sisi watu wa pwani tumelelewa. Mtu akikupa jambo kubwa hulidaki kama mwewe. Mara ya kwanza unakataa. Mara ya pili unasitasita. Mara ya tatu unasema haya basi, maadamu mmenilazimisha. Hata sahani ya pili ya pilau huipokei vinginevyo. Kwa hivyo nikainamisha macho, nikamwambia mimi si lolote si chochote, waende wanaostahiki. Na nikatia na chumvi, nikasema unga wenyewe kaukanda mke wangu, nikamwonyesha kwa kidole.

Nikangoja aulize tena.

Bi Hanae akanishukuru kwa ukweli wangu. Akatoa kalamu, akalikata jina langu. Akamgeukia Zuleikha, aliyekuwa pale mlangoni na sufuria ya mbaazi, akamuuliza kama yeye yuko tayari.

Zuleikha akasema yuko tayari. Pasi ya kusafiria anayo, aliichukua kwa ajili ya umra.

Mara ya kwanza! Mtoto wa Likoni, binti wa watu wenye heshima zao, amekubali mara ya kwanza!

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda barazani. Nimemuuliza Zuleikha adabu yake kaiacha wapi. Akasema ameishi nami miaka kumi na tano, na ameona mwisho wa mtu anayengoja kubembelezwa. Akarudi kukunja kanga zake. Anaimba. Nimeumia, sitaficha. Tena nimeona namna anavyotabasamu peke yake, nikafurahi kidogo, halafu nikaumia tena.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemrudishia Lavender kifimbo chake. Nikasema nimekiokota. Akanitazama sana, kisha akanipa chapati na nasaha: mtu akikuuliza kama unataka kitu, na unakitaka, sema ndiyo. Rahisi hivyo. Nimeapa mbele yake kwamba nafasi ikija tena nitasema ndiyo kabla swali halijakwisha.

Ijumaa, 12 Septemba

Simu! Bi Hanae! Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kuswali Ijumaa, kanzu safi, moyo mweupe. Akasema Zuleikha anahitaji msaidizi wa kukaanga, na nafasi moja imepatikana. Ameanza na mimi. Je, ningependa kwenda?

Moyo ukaruka. Mdomo ukautangulia. Nikamwambia aa, hapana, Bi Hanae, nitawapa taabu bure, tafuteni mwengine. Akanishukuru sana, akakata.

Nusu saa baadaye nikasikia vigelegele kwenye meza ya pili. Lavender huyo, mbio mpaka kwa Zuleikha, wakakumbatiana, unga juu ya buibui la mke wangu. Amepita mbele yangu akisema picha zitakuja.

Acha wafurahi. Mimi nimekaa nikafikiri vizuri. Bi Hanae ni mtu wa adabu, nilimwona alivyowaamkia wazee wetu. Ukumbini aliniuliza, hiyo moja. Leo kwa simu, hiyo ya pili. Imebaki ya tatu.

Simu nimeichaji mpaka imejaa. Na barazani nimeshapita, nimewaambia nasafiri.