Kumbukumbu ya Kusoma Tu

Jumatatu, 6 Oktoba

Adela ametoa amri. Kompyuta yangu ya mwaka 1983 iondoke kwenye meza ya chakula kabla ya Jumapili, la sivyo anaipeleka dampo mwenyewe. Amesema miaka miwili sasa tunakula kwenye sofa, sahani mapajani. Nikamkumbusha mke wangu kwamba mashine ile ni adimu. Akasema na yeye ni adimu.

Lakini nina mpango! Kilabu chetu cha kompyuta za zamani kinakutana Jumamosi kwenye maktaba moja kule Fairfax, karibu na Washington. Kuna mdahalo: kwenye kompyuta za mwanzo, ile programu mama inayoiamsha mashine ilipaswa kukaa wapi, ndani ya chipu au kwenye disketi? Watakaohudhuria watapiga kura. Mshindi anapewa kabati la vioo la maktaba, aweke mashine yake humo hadi mdahalo ujao. Mimi ni mtu wa chipu. Mashine yangu ukiiwasha tu, iko tayari. Mpinzani ni Macaire, Mkongo wa Columbia Heights, fundi wa lifti. Yeye ni mtu wa disketi. Mashine yake inakukodolea macho mpaka uilishe disketi. Huyu hanisumbui.

Jumanne, 7 Oktoba

Tatizo dogo. Kilabu kina wanachama tisa, na wanane wanampenda Macaire, akiwemo Macaire. Dawa ni kujaza ukumbi. Nitawaita Waswahili wenzangu kwenye grupu letu la WhatsApp: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, watu mia mbili na ushee.

Sikuandika ROM, jina la Kiingereza la chipu yangu. Mimi sichanganyi lugha kama vijana wa hapa Temple Hills. Chipu ile ni kumbukumbu, na ni ya kusoma tu, huwezi kuiandika upya. Basi nimeandika: "Kumbukumbu ya Kusoma Tu. Jumamosi saa nane mchana, maktaba, Fairfax. Msiniache peke yangu. Laurean." Fupi, safi, Kiswahili sanifu. Nimejipongeza kwa kikombe cha pili cha chai.

Jumatano, 8 Oktoba

Mwitikio wa ajabu! Watu sitini na mmoja wameweka vile vikono vilivyofumbatana. Mama Honorata, ambaye hakosi shughuli ya mtu, ameuliza alete sufuria ngapi. Nikasema alete tu. Jepkosgei, Mkenya anayefanya kazi na Adela, ameandika "pole sana, be strong". Nadhani amesikia habari za meza. Boniface wa Baltimore ameuliza kama ilikuwa ghafla. Nikajua anaulizia mashine ilivyozimika kwa muda mwezi wa sita. Nikamjibu kwamba ni umeme, palepale mezani, tunakunywa chai. Akaandika: Mungu wangu!

Watu hawa wanapenda kompyuta kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Binti yangu Violet amenijia na simu yake. Akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba rafiki zake wote wanamuuliza Uncle Kusoma Tu alikuwa nani. Nikalisoma tangazo tena. Lo!

Violet akataka nilifute niandike jingine, eti ni dakika moja tu. Nikakataa. Nitasimamaje Jumamosi kutetea kwamba kilichoandikwa kibaki kilivyoandikwa, huku nafutafuta mambo simuni? Halafu watu sitini ni watu sitini. Wakishafika, watapiga kura. Violet akamtazama mama yake. Mama yake akaitazama meza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Walikuja arobaini na watatu. Nguo nyeusi, kanga mabegani, pilau, na kile kisamvu Wakongo wanachokiita pondu. Mama Honorata alitaka picha ya marehemu iwekwe mbele. Sikuwa nayo, nikaweka mashine. Akaishika, akalia. Watanzania walidhani Kusoma Tu alikuwa Mrundi. Warundi walidhani ni Mkongo. Wakongo walinyamaza, maana kwenye matanga hakuulizwi maswali. Cheryl, mwenyekiti wa kilabu, alibaki mdomo wazi. Miaka kumi na miwili ya uenyekiti hajaona watu wakiililia chipu.

Nilizungumza vizuri, lazima nikiri. Nilisema kilichoandikwa ndani yake hakikufutika hata umeme ulipokatika. Wakasema amina. Nilisema hakusubiri kulishwa na mtu, aliamka mwenyewe, tayari kwa kazi. Jepkosgei akaangua kilio. Kabati nikaliona langu kabisa!

Akasimama Macaire. Akasema polepole, kwa Kiswahili cha kwao, bandugu, hakuna mutu alikufa, Kusoma Tu ni kipande cha plastiki. Kisha akaiwasha mashine yangu mbele ya watu. Badala ya READY ikaandika REDAY, kama inavyoandika tangu kiwandani. Akasema kosa la chipu litazikwa na chipu, la disketi unalisahihisha siku ileile. Tangazo la Laurean lingekaa kwenye disketi, leo mngekuwa mumepumzika nyumbani.

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Mama Honorata hakucheka. Alinitazama tu, na aibu ikanipanda hadi masikioni. Kura: Macaire hamsini na moja, mimi moja. Pilau nilipewa, lakini haikuwa na nyama.

Macaire alinifuata hadi kwenye gari. Kabati lina rafu mbili, akasema, weka yako kwenye ya chini, tutabandika tu kikaratasi cha kusahihisha REDAY. Alisema kwa wema kabisa, na hilo ndilo lililoniuma. Nikakataa kikaratasi.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumekula mezani. Mashine inakaa kwenye buti ya gari, kando ya tairi la akiba. Adela akauliza kwa nini nilikataa rafu. Nikamweleza. Akasema: Baba Violet, hiyo chipu ni wewe. Ulivyotoka kiwandani ndivyo ulivyo, hakuna cha kuongeza wala cha kufuta.

Nilifurahi mno! Miaka ishirini na sita ya ndoa, na leo hatimaye amenielewa.

Tangazo bado lipo, sijaligusa. Boniface wa Baltimore, ambaye jana alikuwa kazini, ameuliza arobaini ya marehemu ni lini. Nimehesabu tangu jana: inaangukia Alhamisi, 20 Novemba. Mdahalo ujao wa kilabu ni Jumamosi, tarehe 22. Nimemjibu ni Jumamosi, na aje na watu wengi. Marehemu hana neno.