Wenyewe wa Nyumba ya Bi Zena

Leo nimevuliwa nguo mbele ya darasa zima. (Kwa maneno tu. Kikoi kilibaki kiunoni, alhamdulillahi.)

Mimi fundi wa kompyuta, nimetoka Amu, yaani Lamu, na niko Siyu, kwa Bi Zena, mwalimu wa Kiswahili. Bi Zena haoni. Ana kompyuta kuukuu inayomsomea kwa sauti kila neno linalotokea kwenye kioo, na sauti hiyo inafanya kazi kwenye mfumo wa zamani tu. Ukiweka mfumo mpya, inakuwa bubu. Leo baada ya alasiri alikuwa aanze kufundisha watoto wa Nairobi kwa mtandao, kazi aliyoihangaikia sana, na kifaa kipya cha mtandao alichonunua hakielewani na mfumo ule. Draiva yake, yaani programu ya kukiendesha, imeandikwa kwa mifumo ya juzijuzi.

"Nitaichukua draiva mpya niikatekate mpaka ienee kwenye mfumo wa zamani," nikamwambia.

"Dereva wa nini, Athmani? Siyu gari iko wapi?"

Nikacheka sana. (Cheka tu, fundi. Zamu yako inakuja.)

Nikajifungia chumba cha ndani. Nyumba ni ya mawe, kuta nene, baridi hata jua likiwaka, na majirani hupita mlangoni wakiharakisha. Wanasema ina wenyewe. Majini, yaani. Mimi mtu wa kompyuta, yananihusu nini? Nikazima spika kabla hata sijaisikia ile sauti, isije ikanichosha, nikaendelea kuichokonoa draiva. Ili nijue imefika wapi, kila hatua niliiwekea ujumbe mfupi wa Kiswahili, usipotee kwenye Kiingereza kinachomiminika pale. Likumbuke hilo. Mimi nililisahau.

Adhuhuri umeme ukakatika. Bi Zena akaenda kwa dada yake, nyumba ya pili.

"Umeme ukirudi umalize, mwanangu. Ndia ya riziki yangu i mikononi mwako yeo."

Nikafunga mlango kwa komeo, na alasiri ilipokaribia nikapanda juu kutia udhu. Nyumba kimya. Nikiwa na kata ya maji mkononi, nikasikia mtu chini. Sauti ya kiume, nzito, isiyovuta pumzi.

"Nimeamka."

Kata ikaanguka.

"Bi Zena?" nikaita.

"Mlango uko wazi."

Jamani! Mlango nimeufunga mwenyewe! Nikashuka ngazi, mgongo ukutani, Ayatul Kursi inanitoka vipandevipande. Chumba cha ndani giza. Katikati ya giza, jicho dogo la kijani linafumba na kufumbua.

"Naona mtu."

Nikapiga magoti palepale.

"Mbona hunijibu?"

Nikajifunika uso kwa viganja.

"Nimeingia."

Hapo ulimi ukafunguka! "Mimi Athmani wa Amu! Nimetumwa tu! Hizi kompyuta sizijui, nabahatisha! Niacheni, nitawaletea ubani na halua! Halua nzuri, ya lozi!"

Zikatoka sauti ndogondogo, nyingi kwa pamoja, zinanong'onezana gizani.

Nilipiga ukunga, nikavuta komeo, nikatoka mbio na kumkumba Bi Zena barazani.

"Bi, wenyewe wamo ndani! Na watoto wao!"

Akainamisha kichwa, akasikiliza ile sauti nzito ikirudia, "Nimeingia."

"Athmani, hiyo kompyuta yangu. Maneno hayo kayaandika nani?"

Mimi. Umeme ulikuwa umerudi. Kompyuta ilijiwasha (kioo nilikizima nilipotoka), na ikiwaka upya spika hufunguka yenyewe. Zote zilikuwa jumbe zangu! "Nimeamka" ni draiva imeanza. "Mlango uko wazi" ni tundu la kifaa limefunguka. "Naona mtu" ni imeona mtambo wa mtandao. Na "Nimeingia"... imeingia! Imeshika! Jicho la kijani ni taa ya kifaa!

Nikataka kurukaruka. Lakini zile sauti ndogo sasa zilikuwa zinacheka mpaka zinakohoa. Watoto wa Nairobi walikuwa wakisubiri darasani tangu mapema, na mtandao uliposhika tu, darasa likafunguka lenyewe, kinasasauti na vyote. Wamenisikia tangu "Mimi Athmani wa Amu".

Bi Zena akaketi, akavuta kinasasauti karibu. Akajitanda mtandio vizuri kama aliye mbele ya darasa, na nikakaribia kulia. "Asalaam aleikum, watoto wangu."

"Ticha," mmoja akadakia, "hiyo halua ya lozi tutaletewa lini?"

"Ataileta fundi," akasema Bi Zena. "Kaahidi."

Jumbe zangu nimezifuta zote, isipokuwa mmoja alioniamuru Bi Zena niuandike upya. Sasa draiva ikiamka inasema, "Usikimbie, Athmani."