Nyimbo Nne za Mende Wastaafu

Jumatano, 3 Septemba 2025

Nimeshtuka mpaka soda imenitoka puani. Khadra ametangaza mbele ya wote kwamba bendi inafikiria kubadilisha meneja. Meneja ni mimi! Miaka sita! Nani aliwapa jina la Mende Wastaafu? Mimi, Salah. Nani anawaacha wafanye mazoezi kwenye stoo ya duka lake la magodoro, ambamo kelele zote humezwa na sponji? Mimi huyo huyo.

Sababu zao: albamu ya kwanza ilitoka mwaka juzi, ya pili haitaiva kabla ya mwaka ujao, na katikati hapo tumenyamaza mno. Watu mjini wanadhani tumeoa na kuacha mambo hayo. Khadra, anayeimba na kupiga gitaa, anataka tutoe EP, yaani nyimbo nne tu za kuwashikilia wasikilizaji, kama sambusa kabla ya pilau. Uzinduzi ni Jumatano ijayo. Ukifaulu, nabaki. Ukianguka, kazi inakwenda kwa Gichuki.

Gichuki! Mwenye duka la fotokopi! Ana faili lenye vibandiko vya rangi tatu, na kila mtu analiangalia lile faili kama vile limeshuka kutoka mbinguni.

Nimetabasamu. Ndani nachemka. Bila Mende mimi ni muuza magodoro tu, na sijui kupiga hata filimbi. Sitaki kutolewa. Nimeliandika hapa ili lisinitoke mdomoni mbele yao.

Ijumaa, 5 Septemba

Nyimbo tatu ziko tayari. Moja inahusu friji inayoogopa giza, moja inahusu ndala iliyopotea harusini, moja inahusu mbuzi aliyefeli hesabu. (Hiyo ya mwisho kaitunga Abigael, mpiga ngoma wetu. Ni mwalimu wa hesabu kutoka Meru, na nahisi huyo mbuzi anakaa dawati la nyuma darasani kwake.) Guled wa gitaa la besi anasema roki yetu sasa imefika mahali ambapo yeye mwenyewe haielewi. Dalili njema.

Wimbo wa nne umekwama. Una mdundo mzuri ila hauna mwanzo.

Nimepata mwanzo! Abti Bare, yaani mjomba wangu, kaka yake mama, amefika kutoka Hulugho na ngamia thelathini na mmoja wa kuuza mnadani Jumatano. Kila mwenye ngamia ana wimbo wake wa kunyweshea, na wa Abti unasisimua hadi nywele za mkono. Nimekwenda kambini kwake nje ya mji na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Nikamwomba aniimbie kidogo tu, mistari miwili.

Akakataa! Mimi, mtoto wa dada yake! Akasema wimbo ule hauimbwi kavu. Ukiuimba, ngamia anajua maji yameshajaa kwenye birika la kunyweshea. Ukimwita na maji hakuna, umemwambia uongo, na ngamia akidanganywa hasahau. Lakini kesho anawanywesha kisimani, nije nisikilize mpaka nichoke. Kusikiliza tu, akarudia.

Sikumwambia kwamba mimi, mzaliwa wa mjini, sijawahi kunywesha hata paka. Bendi nzima inaamini nilikulia nyuma ya mikia ya ngamia.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimesikiliza. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati, nayo pia imesikiliza. Dakika nne! Sauti ya Abti imetoka kavu na pana, na ngamia wanagugumia maji kwa mbali. Nikayakata yale maji. Yalikuwa yanaharibu.

Khadra aliposikia, akaweka gitaa chini na kukaa juu ya godoro la futi tano kwa sita. Akasema huo ndio mwanzo wa wimbo. Kisha akauliza kama mzee ametoa ruhusa. Nikasema ametoa kwa mikono miwili.

Gichuki, ambaye hakuna aliyemwita, akauliza kama ruhusa hiyo imeandikwa. Imeandikwa! Mtu anaomba barua kutoka kwa mchunga ngamia! Nikacheka peke yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Mahali pa uzinduzi pamepatikana: kiwanja kilicho kando ya soko la mifugo, siku ya mnada. Watu watakuwa wameshajaa wenyewe, sisi tunawasha spika tu. Gichuki alitaka ukumbi wenye viti. Viti! Nimemwuliza nani atakuja kukalia.

Abigael ameomba ruhusa shuleni. Kwenye fomu ameandika kwamba anang'oa jino. Akaniambia haraka haraka haina baraka, nikamjibu kwamba hilo ni neno la watu wasio na mnada kesho.

Spika mbili nimezikodi kwa fundi wa muziki wa harusi. Kubwa kama kabati. Nimelala alasiri yote nikijiona meneja wa maisha.

Jumatano, 10 Septemba

Niandike polepole.

Saa nne asubuhi tumeanza na wimbo wa friji. Watu wakageuka, wakatutazama kama watu wanaotazama ajali. Wimbo wa ndala, wakapiga makofi watano. Watano ni mwanzo. Upande wa pili wa uzio nilimwona Abti Bare amesimama na mnunuzi kutoka Mandera, mikono yao imefunikwa kwa shali, wanapatana bei kwa kubonyezana vidole bila kusema neno, kama desturi ilivyo. Nikafurahi. Abti ataisikia sauti yake kwenye spika siku hiyo hiyo anayouza!

Wimbo wa mbuzi ulipoisha, nikabonyeza mwanzo wa wimbo wa nne.

Sauti ya Abti ikatoka kwenye zile kabati mbili, ikafunika soko zima. Ngamia thelathini na mmoja wakainua vichwa kwa pamoja. Lo! Sijaona kitu kama hicho tangu nizaliwe. Hawajanywa tangu Jumamosi. Wakaja. Uzio ukaenda nao! Vijana waliokuwa wamewashika wakabaki na kamba mikononi. Mnunuzi wa Mandera akabaki amenyoosha vidole chini ya shali, hakuna mtu upande wa pili.

Wakatuzunguka. Hawakumkanyaga mtu, hilo nalishukuru. Walisimama tu mbele ya spika, wakaziangalia, wakangoja. Mmoja akairamba ya kushoto. Mwingine akaingiza kichwa kwenye beseni ambamo Maka wa kibanda cha chai alikuwa anaoshea vikombe, akanywa sabuni na yote. Maka akapiga ukelele ambao ulikuwa mzuri kuliko solo ya Guled. Abigael hakuacha kupiga ngoma. Baadaye ameniambia alidhani ni mpango wangu, na kwa mara ya kwanza alikuwa ananiheshimu.

Abti akafika. Akazima spika kwa kung'oa waya. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Akasema kwa Kiswahili, ili hata Gichuki asikose neno:

"Maji iko wabi?"

Nikanyoosha kidole kwenye beseni la Maka.

"Mimi naambia wewe sikiliza. Wewe naiba sauti yangu, naita ngamia yangu, na habana maji. Wallahi, leo hii mnyama nafikiri mimi ndio mwongo."

Khadra alinitazama. Afadhali angenitukana.

Wazee wa soko wakakaa pale pale. Nilitegemea faini, nikaanza kupanga jinsi ya kujitetea. Wapi! Hukumu ilikuwa ya maneno machache: aliyeita ngamia kwenye maji awape maji. Bomba la soko lilikuwa limekauka. Basi ni mkokoteni na mitungi, kutoka mtoni Tana hadi sokoni. Ngamia wa kwanza alimaliza mitungi mitano, akanitazama, akaomba wa sita. Nikageuka nikaona thelathini nyuma yake, kwenye foleni!

Bendi ikaja kusaidia. Abigael akasema mchuma janga hula na wa kwao, akachukua mitungi miwili. Hata Gichuki alibeba, faili kwapani. Birika lilipojaa Abti akaanza kuimba, safari hii kwa koo lake mwenyewe, na ngamia wakanywa. Khadra alisimama na ndoo tupu, machozi yanamtoka. Kisha akamwendea, akamwita Abti kwa heshima, akamwomba wimbo.

Abti akakubali! Hivyo tu! Kwa sharti moja: maji yasikike. Yale niliyoyakata!

Alhamisi, 11 Septemba

Nimetolewa.

Kikao kilikuwa kwenye stoo yangu, juu ya magodoro yangu. Khadra alisema hajali ngamia, hajali uzio, hata beseni la Maka hajali. Anachojali ni kwamba aliniuliza juu ya ruhusa na nikamwangalia machoni nikamdanganya. Guled akasema, manze, nimewaangusha, akatazama viatu vyake. Gichuki akafungua faili kwenye kibandiko cha kijani. Alikuwa nacho tayari! Kibandiko cha siku ya kutolewa kwangu!

Nimelia. Nilisema ni vumbi la sponji, na kwa ukarimu wao wakakubali kwamba ni vumbi.

Jumamosi, 13 Septemba

EP imetoka jana. Nyimbo nne. Wa nne unaanza na Abti na ngamia wanaogugumia, na nimeusikia kwenye simu za watu watatu kabla ya kufika dukani. Mwanamke mmoja wa Eldas alisimama barabarani na mizigo kichwani mpaka ukaisha. Jina langu halipo popote. La Gichuki lipo!

Khadra amepita dukani. Nilidhani amekuja kuchukua ngoma. Kumbe amekuja kuniambia kwamba mlango haujafungwa kabisa. Albamu ya pili inahitaji watu wa kuhangaika, na katika kuhangaika hakuna anayenishinda. Anachotaka ni kimoja: niende kwa Abti, nimwombe radhi kwa mdomo wangu mwenyewe, nirudi na neno lake. Nikifanya hivyo, Jumatatu nimerudi kazini.

Nilimshukuru hadi akaona haya.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetoka kambini sasa hivi, na bado siamini.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa fimbo. Abti alinikalisha juu ya mkeka, akanikamulia maziwa ya ngamia, akaningoja nimalize kibuyu chote. Nikaomba radhi. Nililia tena, na safari hii hakukuwa na sponji karibu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema amenisamehe mbele ya Mwenyezi Mungu. Akaniombea dua ndefu, ya riziki, ya ndoa, ya akili. Kwenye akili alikaa sana. Ngamia mmoja akanguruma pale pale kwenye amina! Mwishoni sauti yake ikashuka, akanisihi kama anavyosihiwa mtoto: nisichukue tena sauti ya mtu bila kumwambia. Nikaapa.

Kesho narudi kwa Mende Wastaafu, na siendi mikono mitupu. Dua ile ndiyo mwanzo wa albamu ya pili, hakuna ubishi, Khadra atakaa chini tena. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati tangu nilipotoa salamu. Dakika kumi na moja. Nimeisikiliza mara tatu njiani, na sauti yake imetoka safi kabisa, hata pale anaponisihi nisirudie.